Sasisha Sasa, au Baadaye

Malaini aliiona riziki yake mpya siku ambayo hakuwa na suruali. Suruali ilikuwa mikononi mwa fundi wa suti, inapandishwa pindo, na mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia la kibanda hicho hicho, amejifunga kipande cha bitana kiunoni, akichungulia kwa jicho moja kama mpangaji anayesubiri mwenye nyumba apite.

Mbele ya pazia kulikuwa na msiba. Fundi wa suti alikuwa na mashine ya kudarizi, ile inayopokea michoro kutoka kwenye kompyuta na kuishona yenyewe, na tangu jana yake mashine ilikuwa imenyamaza. Jana hiyo kompyuta ilimwuliza swali lake la kila siku: toleo jipya la mfumo liko tayari, usasishe sasa au baadaye? Kwa uchovu tu, akabonyeza sasa. Kompyuta ikajisasisha, ikang'aa kama bibi harusi. Mashine ya kudarizi ikawa haisemi na mtu.

Akaja fundi wa kompyuta, mwanamume mnene mwenye bisibisi mfukoni mwa shati. Hakuuliza mengi. Akachomoa waya wa mashine kwenye kompyuta, akauchomeka kwenye laptopu yake kuukuu. Mashine ikapepesa taa, ikakohoa, ikaanza kushona.

"Mashine yako nzima," akasema. "Haielewani na toleo jipya tu. Ukiipa kompyuta yenye toleo la zamani, inapiga kazi. Tulia, nitakurudishia lile la zamani."

Mtu mwingine pale angesikia habari ya kompyuta. Malaini alisikia habari ya mashine nzima, ya bei mbaya, ambayo mwenye mali amekwisha kuililia kama maiti. Alivaa suruali yake kabla uzi wa mwisho haujakatwa, akalipa bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo fundi wa suti alilisimulia kwa siku mbili.

Kwa haki yake, tuseme wazi kwamba Malaini hakuwa mwizi. Mwizi huchukua. Malaini hakuwahi kuchukua kitu cha mtu maisha yake yote, alikuwa anapewa. Watu walimkabidhi vitu kwa mikono yao miwili na wakamsindikiza mpaka barabarani. Jina Malaini alipewa kwa ajili ya maneno yake, na hakuna aliyekumbuka tena jina aliloitwa na mama yake.

Jioni ile alikwenda kwa dada yake, akamkuta mume wa dada yake, yaani Shemeji, amekaa kwenye ngazi anakula karanga. Shemeji alikuwa na mkokoteni mmoja, masikio makubwa, na uso wa mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Uso huo ulikuwa mtaji. Hakuna mtu aliyewahi kumshuku Shemeji jambo lolote linalohitaji akili.

"Shemeji," Malaini akamwambia, "kuanzia kesho wewe unanunua vyuma chakavu."

"Vya nini?"

"Vya kununua tu. Mimi natangulia, wewe unafuata siku ya pili. Mimi naua, wewe unazika."

Shemeji akaacha kutafuna. "Mimi sitaki mambo ya kuua, shemeji. Dada yako atanifukuza."

Ikabidi aelezwe upya, polepole, kwa kutumia karanga.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Malaini alivaa shati jeupe na kitambulisho shingoni, ambacho kitu pekee cha kweli ndani yake kilikuwa picha. Akaingia kwa fundi mmoja wa sare za shule, akajitambulisha kuwa ni mtaalamu anayepita kuwakumbusha wananchi kuhusu toleo jipya. Bure. Hataki hata nauli. Akamweleza fundi kwamba toleo la zamani linakaribia kuachwa, na atakayechelewa ataingiliwa na virusi mpaka kwenye pasi ya umeme. Fundi akakubali. Kompyuta ikasasishwa, mashine ikanyamaza. Malaini akaichunguza kwa huzuni, akaigonga ubavuni kama daktari, akatikisa kichwa.

"Mama, kompyuta yako imepona. Mashine ndiyo imepitwa na wakati. Hii sasa ni chuma tu."

Fundi wa sare alilia, kisha akamshukuru, kisha akaomba wapige picha ya pamoja, maana vijana wema ni wachache siku hizi. Malaini akatabasamu, picha ikapigwa. Siku ya pili Shemeji akapita na mkokoteni akiita vyuma chakavu, akauziwa mashine kwa bei ya chuma. Malaini akaichomeka kwenye laptopu yake kuukuu, ambayo kila asubuhi ilimwuliza asasishe, na kila asubuhi akaijibu baadaye. Mashine ikafufuka. Kabla ya wiki kwisha ilikuwa imeuzwa kwa mfanyabiashara wa mashine kuukuu upande wa pili wa mji, kwa bei ya mashine.

Wiki iliyofuata wakamfanyia hivyo hivyo mjane mmoja anayedarizi mashuka. Naye alishukuru.

Baada ya hapo Malaini akaanza kusikia jina la Mama Nembo. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la rangi. Nembo za mifukoni za nusu ya walinzi, wauguzi na wanafunzi wa mji ule zilitoka kwake. Na mashine yake, watu walisema, ilikuwa ya sindano kumi na mbili. Zile mbili za mwanzo zilikuwa za sindano sita. Malaini alipiga hesabu hiyo mara moja tu na usingizi ukamruka mchana kweupe.

Alipoingia, Mama Nembo alikuwa anakata uzi kwa meno. Nyuma ya ukuta wa mbao, chumba cha pili, mashine ilikuwa inanguruma bila kupumzika, na kwenye kapu kulikuwa na nembo za hospitali zilizoshonwa punde, zina joto bado. Kwenye meza ya dirishani palikuwa na kompyuta, na kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa linasubiri lile swali.

"Shikamoo mama. Naona na wewe unaulizwa."

"Marahaba mwanangu." Mama Nembo akamtazama juu ya miwani. Alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akasogeza stuli. "Kaa. Linanisumbua hilo. Kila asubuhi nikiwasha, linaniuliza. Nami kila asubuhi nabonyeza baadaye. Nimeshachoka kudanganya kompyuta."

Malaini akakaa, akatoa hotuba yake: wananchi, virusi, pasi ya umeme. Mama Nembo akaisikiliza yote bila kumkatiza. Kisha akaanza kuuliza.

"Nikibonyeza sasa, nembo zangu zitakwenda wapi?"

"Haziendi popote, mama. Zinabaki humo humo."

"Zinajuaje kubaki?"

"Mfumo ndio unaobadilika. Ni kama unapaka nyumba rangi. Vyombo vinabaki ndani."

"Mimi nilipopaka rangi, sufuria mbili hazikuonekana tena."

Malaini akacheka kicheko cha kitaalamu. Mama Nembo hakucheka. Alikuwa na nembo za miaka kumi na saba humo ndani, akasema, nyingine za shule ambazo hata majengo yake hayapo tena, na watu bado wanakuja kuziomba. Zikipotea hizo, yeye hana kazi. Basi hawezi kusasisha mpaka zote zihifadhiwe pembeni. Na yeye hajui kuhifadhi.

"Ni kazi ndogo tu, mama," Malaini akasema, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

Zilikuwa faili elfu sita na zaidi, zimetupwa kila mahali kama nguo za watoto. Nyingine ziliitwa "shule", nyingine "shule ile", nyingine "shule ile nyingine". Malaini alizipanga mchana mzima. Ikaonekana hakuna diski ya kuziweka, na Mama Nembo hana. Malaini akatoka, akanunua diski kwa pesa yake mwenyewe, akijiambia kwamba mkulima naye hununua mbegu.

Siku ya pili alirudi akiwa tayari kubonyeza. Mama Nembo alikuwa amebadili mawazo.

"Nimeongea na shangazi yangu. Anasema nisiguse."

"Shangazi yako ni mtu wa kompyuta?"

"Hapana. Ni mtu wa kutogusa."

Ikamchukua Malaini saa nzima kumshinda shangazi ambaye hayupo. Alieleza kwa nini matoleo ya zamani huachwa, namna wezi wanavyoingia kupitia mianya isiyozibwa, na namna mtu anavyoweza kuamka akakuta kazi yake yote imefungwa na asiyemjua. Alieleza vizuri. Kwa bahati mbaya kwake, karibu yote aliyoyasema yalikuwa kweli, maana alikuwa ameyasoma usiku uliopita ili asiaibike. Mwisho Mama Nembo akaitikia kwa kichwa taratibu, akakubali. Wakabonyeza. Kompyuta ikasema nafasi haitoshi.

Malaini akafuta takataka za miaka kumi na saba. Akaondoa virusi vitatu, kimoja kikiwa na umri wa kuoa. Akafungua kasha, akatoa vumbi la kujaza kikombe. Nyuma ya ukuta, ile mashine ya chumba cha pili iliendelea kunguruma, na kila ikinguruma Malaini aliisikia ikimwita.

Jioni Shemeji akampigia. "Nije kesho na mkokoteni?"

"Bado."

"Unafanya nini huko siku zote hizi?"

Malaini akafikiria namna ya kujibu. "Kazi," akasema, na neno lenyewe likamkaa vibaya mdomoni.

Siku ya tatu Mama Nembo alimpokea amevaa kitenge kipya. Akasema amelala akaamka, amechoka kuogopa, na liwe liwalo. Akaiwasha kompyuta, akashika kipanya. Alikifikisha kishale kwenye "sasa", akakirudisha kwenye "baadaye", akakipeleka tena.

"Bonyeza wewe," akasema, akafumba macho.

Malaini akabonyeza.

Kusasisha mfumo mkubwa si jambo la kuharakisha. Asilimia zilipanda kama mzee anayepanda ngazi, zikisimama kila ghorofa kupumzika. Mama Nembo akaleta chai na mkate. Asilimia kumi na tisa, akauliza kama ni kawaida kioo kuwa cheusi. Asilimia arobaini, akauliza tena. Asilimia sitini akaanza kuzungumza habari za mume wake.

"Hii mashine alininunulia yeye. Marehemu."

"Pole sana mama. Alifariki lini?"

"Acha tu, mwanangu. Kila nikimkumbuka, chakula hakipiti." Akachovya mkate kwenye chai, akaula.

Kompyuta ikawaka upya. Kioo kikawa kizuri, picha ya milima, herufi safi. Malaini akafungua faili moja baada ya nyingine. Nembo zote zilikuwepo. Akavuta pumzi ya kweli ya furaha, akaikumbuka kazi iliyomleta, akaikunja furaha akaiweka mfukoni.

"Sasa tuijaribu mashine, mama."

Mama Nembo akasema amekwisha kuizima na kuisogeza, akafungua mlango wa ukuta wa mbao. Chumba cha pili kilikuwa kidogo. Katikati ilisimama mashine ya sindano kumi na mbili, ndefu, nyeupe, nzuri kuliko alivyoota. Pembeni palikuwa na meza kubwa ya kukatia iliyofunikwa shuka mpaka sakafuni, imerundikwa vitambaa. Malaini hakuitazama meza. Mtu aliyeoneshwa bibi harusi hatazami kabati.

Akachomeka waya. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Hata taa haikupepesa.

"Mbona haisemi?" Mama Nembo akauliza.

Malaini akavaa ile sura yake ya huzuni. "Mama, nasikitika. Kompyuta imepona. Mashine ndiyo imepitwa na wakati. Hii sasa ni chuma tu."

Mama Nembo akashika kichwa. Alilia kilio kirefu, chenye mashairi, akimwita marehemu amwone alivyoachwa. Malaini alisimama hapo dakika tano akimpapasa bega, na kusema kweli alitokwa na chozi moja. Lilikuwa chozi la mtu ambaye amefanya kazi siku tatu mfululizo.

Asubuhi iliyofuata Shemeji akapita na mkokoteni, akiimba vyuma chakavu. Mama Nembo akamwita. Akamwonesha mashine, akajipangusa macho kwa pindo la kitenge, akasema aichukue tu, haitaki hata kuiona. Shemeji akataja bei ya chuma kama alivyofundishwa. Mama Nembo alikuwa anafungua mdomo kukubali pale mtu mwingine alipoingia: mwanamume mwembamba mwenye kofia ya sufu na mikono yenye grisi.

"Nimesikia kuna chuma hapa," akasema.

"Nimekwisha fika mimi," Shemeji akasema.

"Umelipa?"

Shemeji hakuwa amefundishwa jibu la swali hilo.

Yule mwembamba akaizunguka mashine, akaigonga, akainusa. "Humu mna shaba," akasema, akataja mara mbili ya bei ya Shemeji. Shemeji akatoka nje, akasimama nyuma ya mkokoteni, akampigia Malaini.

"Kuna mtu anaongeza."

"Ongeza na wewe!"

Akaongeza. Mwembamba akaongeza. Mama Nembo alikaa katikati yao akisema wasigombane, wanangu, mbona hiki ni chuma tu, na kila akisema hivyo bei ilipanda. Mara ya nne Shemeji alipotoka kupiga simu, jasho lilikuwa limefika kwenye masikio.

"Amefika pabaya, shemeji. Hizo ni pesa za zile mashine zote mbili."

Malaini alikuwa kwake, anatembea kutoka mlangoni mpaka kitandani na kurudi. Alijua kitu ambacho wale wote hawakijui: mashine ile ni nzima. Aliisikia kwa masikio yake siku tatu. Hata wakilipa mara tano ya bei ya chuma, bado wataiuza mara tatu ya hapo.

"Toa zote. Na zile alizokupa dada ununue friji, toa."

"Za friji?"

"Atapata friji mbili!"

Shemeji akatoa. Mwembamba akatema mate chini kwa hasira, akaondoka. Mama Nembo akazipokea pesa kwa mikono miwili, akamsaidia Shemeji kuifunga mashine kwa kamba, akamsindikiza mpaka barabarani.

Mchana ule Malaini aliichomeka mashine kwenye laptopu yake kuukuu. Haikusema. Akabadili waya. Akabadili soketi. Akaibembeleza, akaitukana, akamlaumu Shemeji kwa namna alivyoisukuma. Saa mbili baadaye walikwenda kumtafuta fundi wa kompyuta, yule yule mnene wa siku ya suruali, wakambeba na bisibisi yake.

Fundi akafungua kifuniko cha nyuma, akachungulia, akafunga. Akafungua tena kama mtu anayehakikisha hakuota.

"Mnataka nitengeneze nini?"

"Mashine," Malaini akasema.

"Iko wapi?"

Ndani hamkuwa na mota. Hamkuwa na bodi, hamkuwa na waya. Kulikuwa na vipande vya matambara vilivyoshindiliwa vizuri, na matofali mawili ya kuongeza uzito, na kwenye kona, buibui mmoja ambaye alionekana kuishi pale na familia yake kwa muda. Fundi akasema mashine hii iliungua si chini ya miezi miwili iliyopita. Alama ya moto hii hapa. Kisha akadai pesa ya kuja.

Shemeji alikaa chini. "Dada yako," akasema, na hakumalizia.

Malaini alikwenda kwa Mama Nembo mbio, shati jeupe limetoka nje ya suruali. Alipofika mlangoni, ngurumo ya mashine ikampokea, ile ile, tamu, isiyopumzika. Akapita moja kwa moja mpaka chumba cha pili. Ile meza ya kukatia ilikuwa imevuliwa shuka. Haikuwa meza. Ilikuwa mashine mpya ya kudarizi, na ilikuwa inashona.

Pembeni yake walikaa watu wanne wanakunywa chai. Mama Nembo, fundi wa sare za shule, mjane wa mashuka, na yule mwembamba wa kofia ya sufu, ambaye sasa alikuwa amevaa ndala.

"Karibu mwanangu," Mama Nembo akasema. "Hawa wawili unawajua. Na huyu ndiye marehemu mume wangu."

Marehemu akamsalimia kwa kuinua kikombe.

Malaini akatafuta maneno malaini, akayakosa. "Mmeniibia!"

"Tumekuuzia chuma. Si ulisema mwenyewe?"

"Ile mashine haina kitu ndani!"

"Kwani chuma kinahitaji kuwa na kitu ndani?" akauliza fundi wa sare, kwa upole.

"Nitakwenda polisi!"

"Twende wote," Mama Nembo akasema, akashuka kwenye kiti na kutafuta viatu. "Utaeleza vizuri wewe, unajua kueleza. Utawaambia uliinunua kwa sababu gani, na kwa nini ulikuwa na uhakika ni nzima."

Malaini akaanza kuchomekea shati lake.

Alisahau jambo moja kuhusu mafundi cherehani: kutwa nzima mikono yao ina kazi na midomo yao iko huru. Walikuwa na kundi lao kwenye simu. Fundi wa sare, siku ile ile aliyosaidiwa, aliweka humo picha yake na Malaini, akawasifia wenzake kijana mwema asiyetaka nauli. Wiki moja baadaye mjane wa mashuka aliandika: huyo kijana amepita na kwangu, na siku ya pili akapita mnunuzi wa chuma mwenye masikio. Fundi wa sare akajibu: masikio hayo hayo. Mama Nembo alipomwona Malaini akiingia na kitambulisho shingoni, alikuwa ameshaisoma sura yake kwenye simu mara kumi. Kumtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida kulikuwa ni kuhakikisha.

Pesa zilikuwa tayari zimegawanywa. Wale wawili walipata za kununua mashine zao upya, na mjane akabakiwa na kidogo cha kununulia uzi. Zilizozidi Mama Nembo alizifunga kwenye bahasha.

"Hizi ni za friji," akasema, akamnyooshea Malaini. "Mwenye masikio alipiga simu kwa sauti. Mpe dada yako, si wewe. Nitampigia kuuliza."

Malaini akaipokea bahasha, akageuka kuondoka.

"Ngoja kwanza," Mama Nembo akasema. Sauti ilikuwa imebadilika, ukali umeisha. "Kuna kitu sikukudanganya. Nilikuwa naogopa kweli. Hii mashine mpya nimeinunua ile nyingine ilipoungua, na programu yake inataka toleo jipya. Miezi miwili inashona nembo za zamani tu, za kwenye flashi. Nembo mpya siwezi kuchora. Binti yangu ananipigia kila wiki, mama sasisha, mama sasisha. Naketi pale, nabonyeza baadaye. Wateja wanaondoka." Akavua miwani, akaipangusa. "Wewe umekaa na mimi siku tatu. Umenieleza mpaka nimeelewa. Nembo zangu za miaka kumi na saba, hakuna hata moja iliyopotea. Ahsante."

Malaini alikuwa ametukanwa katika mitaa mingi na alijua kusimama mbele ya matusi. Mbele ya ahsante hakujua aweke wapi mikono.

"Ile diski," akasema mwisho, kwa sauti ndogo, "uwe unaihifadhi mbali na kompyuta. Zikiungua zote pamoja haitakusaidia."

"Nitaihifadhi."

Mashine ikamaliza nembo, ikakata uzi, ikaanza nyingine. Mjane wa mashuka akaweka kikombe chini.

"Mimi kompyuta yangu ndiyo uliyoiapdeti wewe," akasema. "Tangu hapo haitoi sauti."

"Ni kitu kidogo tu hicho," Malaini akasema bila kufikiri. "Dereva ya sauti, ile programu ya spika."

"Ninayo hapa kwenye mfuko. Ungetaka kiasi gani?"

Malaini akataja bei. Ilikuwa bei ya kweli, ndogo, ya kazi ya nusu saa, na ilimtoka kabla hajaipamba. Mjane akamtazama Mama Nembo, Mama Nembo akamtazama marehemu. Marehemu akainuka, akamvutia Malaini stuli, akaiweka kando ya ile meza ya dirishani, penye mwanga.

Malaini akakaa. Wote wanne wakasimama nyuma yake, wakiitazama mikono yake.